Kiungo Hakitakiwi Tena: Mwanablogu Baada ya Enzi ya Alamisho za Pamoja

Tarehe 8 Julai 2025 Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, waliifunga Pocket, huduma iliyowawezesha watu kuweka kando makala walizokutana nazo mtandaoni ili wazisome baadaye kwa utulivu. Pocket ilianza mwaka 2007 kwa jina la Read It Later, ikanunuliwa na Mozilla mwaka 2017, na katika miaka yake ya mwisho ilikuwa miongoni mwa huduma chache kubwa ambazo kazi yake hasa ilikuwa kumpeleka msomaji kwenye tovuti ya mtu mwingine. Afrika Mashariki habari hiyo ilipita bila kelele, na sishangai, kwa kuwa wengi wetu hatukuwahi kuitumia. Hata hivyo kwa anayeandika blogu, awe Mwanza, Mombasa au Muscat, kufungwa huko kunastahili kutazamwa pamoja na mambo mengine yaliyotokea tangu mwishoni mwa mwaka 2022, kwa sababu yote yanaelekea upande mmoja: njia alizozipitia msomaji kutoka kwenye mtandao wa kijamii hadi kwenye blogu zinazibwa, na zinazibwa kwa makusudi.

Wapo wanaosema kwamba blogu zimekufa kwa sababu watu hawasomi tena. Dai hilo ni jepesi mno. Watu wanasoma kutwa kucha kwenye simu zao, wanasoma nyuzi ndefu za mijadala, wanasoma ujumbe wa sauti ulioandikwa upya na jirani, wanasoma hata maoni mia tatu chini ya picha ya msanii. Kilichobadilika ni mamlaka ya kuamua wasome nini na wasomee wapi, na mamlaka hayo yamehama kutoka kwa wasomaji wenyewe kwenda kwa kampuni chache ambazo hazinufaiki msomaji anapoondoka kwenye kurasa zao.

Ili kuelewa uzito wa uhamaji huo, inafaa kukumbuka jinsi tovuti za alamisho za pamoja zilivyofanya kazi. Delicious, iliyoanzishwa na Joshua Schachter mwaka 2003, ilikuwa na ukurasa mkavu usio na picha wala madoido. Mtu alipokutana na makala iliyomvutia, alibofya kitufe kidogo alichokuwa amekiweka kwenye kivinjari, akaandika lebo mbili tatu za kuitambulisha, tuseme katiba, Zanzibar, historia, na papo hapo makala hiyo ikaingia kwenye orodha yake, orodha ambayo mtu yeyote duniani aliweza kuifungua. Kando ya kila kiungo, yaani linki, ilionekana idadi ya watu wengine waliokihifadhi, na ukibofya idadi hiyo uliwaona ni akina nani na kila mmoja alikipa lebo gani. Mwanablogu aliyeandika kuhusu ushairi wa Lamu angeweza kugundua kwamba mwanafunzi fulani wa Ujerumani ameihifadhi makala yake chini ya lebo ya isimu, akaifuata orodha ya mwanafunzi huyo, na humo akakuta makala nyingine kumi za mada ileile. Hakuna algoriti, yaani kanuni za kompyuta za kumchagulia mtu cha kuona, iliyowakutanisha. Walikutanishwa na kazi ndogo ya mkono ya mtu aliyeona kitu na kukiwekea jina.

Digg iliyofuata mwaka 2004 iliongeza kura, Reddit ya mwaka 2005 ikaongeza kura za kukataa na mabaraza ya mada, na StumbleUpon, ambayo ilikuwa imetangulia, ikampa mtumiaji kitufe kimoja cha kumrusha kwenye ukurasa asioujua lakini unaoelekea kumpendeza. Afrika nayo haikukaa pembeni. Wanablogu wa Kenya walikuwa na KenyaUnlimited, iliyokusanya blogu zao mahali pamoja. Afrika Kusini ilizaliwa Muti, tovuti ya kupigia kura viungo vyenye habari za Afrika, kisha Afrigator, iliyokusanya milisho, yaani orodha zinazojisasisha za makala mpya, ya blogu za bara zima. Ndesanjo Macha, ambaye blogu yake ya Jikomboe ni miongoni mwa za kwanza kabisa kuandikwa kwa Kiswahili, alifanya kazi kama hiyo kwenye Global Voices, mtandao wa kimataifa wa wanablogu: alisoma blogu nyingi, akachagua zenye uzito, akaeleza kwa sentensi chache kwa nini zinafaa kusomwa, kisha akaweka kiungo. Blogu ya Issa Michuzi, iliyoanza mwaka 2005, ilijulikana haraka miongoni mwa Watanzania walioko ughaibuni, na sehemu kubwa ya kujulikana huko ilitokana na wanablogu wengine walioiweka kwenye orodha zao za pembeni mwa ukurasa. Ile orodha ya pembeni, ambayo leo karibu kila muundo wa blogu umeiondoa, ilikuwa alamisho ya pamoja kabla ya alamisho za pamoja.

Kuanguka kwa tovuti hizo kumesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya wajinga walioshindwa kuendesha biashara, na kwa kiasi fulani ni kweli. Yahoo iliinunua Delicious Desemba 2005, ikaiacha idumae, na miaka mitano baadaye ikavuja habari kuwa ilipanga kuizima. Ikauzwa mara kadhaa hadi mwaka 2017, ilipochukuliwa na mmiliki wa Pinboard, mshindani wake mdogo anayeendeshwa na mtu mmoja, kwa dola 35,000. Digg iliubadilisha mfumo wake wote Agosti 2010, ikawapa wachapishaji wakubwa nafasi ya kusukuma habari zao wenyewe, na watumiaji wake wakahamia Reddit kwa hasira. StumbleUpon ilifungwa Juni 2018. Google Reader, ambayo haikuwa tovuti ya alamisho lakini ilikuwa mahali ambapo wasomaji wa blogu walipeana makala kila siku, ilizimwa tarehe 1 Julai 2013, na wanablogu wa zama zile wengi huutaja mwezi huo kwa sauti ya msiba.

Lakini ujinga wa wamiliki hauelezi yote. Huduma inayomtoa mtu nje haina pa kuweka tangazo mtu akishatoka, kwa hiyo mwekezaji anapouliza fedha itapatikana wapi, jibu huwa gumu. Facebook iligundua mapema kwamba fedha ziko kwa yule anayebaki, anayeteremsha ukurasa kwa kidole dakika baada ya dakika, na kila tangazo linampata hapohapo alipo. Tangu ugunduzi huo ulipothibitika, kiungo kinachotoka nje kilianza kuhesabiwa kuwa hasara.

Kuna sababu ya pili ambayo wanablogu wenyewe hatupendi kuitaja, nayo ni uchafu tulioumwaga. Pindi ilipojulikana kwamba injini za kutafuta hupima umuhimu wa ukurasa kwa idadi ya viungo vinavyouelekea, tovuti za alamisho ziligeuzwa jalala. Watu walifungua akaunti hamsini na kujipigia kura, wengine waliuza vifurushi vya viungo kwa bei ya jumla, na programu zilitengenezwa ili makala moja iwasilishwe kwenye tovuti mia kadhaa kwa usiku mmoja. Google ilikuwa tayari imeleta alama ya nofollow Januari 2005, alama inayoiambia injini ya kutafuta isikihesabu kiungo kilichowekwa na wageni, na tovuti nyingi za alamisho ziliichukua ili kujikinga. Kisha Aprili 2012 yakaja mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyozishusha waziwazi kurasa zilizojijengea viungo vya bandia. Tangu hapo kuwasilisha makala kwenye orodha ya tovuti mia mbili za alamisho ni kazi isiyo na malipo yoyote, tena ina hatari. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu hadi leo ushauri huo unauzwa kwa wanablogu wachanga, mara nyingi katika kozi za mtandaoni za kulipia, ukiambatana na jedwali refu la tovuti zenye eti mamlaka makubwa, ambazo nusu yake zimekufa na nusu iliyobaki haitembelewi na binadamu isipokuwa wale wanaokwenda kuacha viungo vyao na kuondoka.

Basi tuje kwenye mabadiliko ya karibuni. Januari 2018 Facebook ilitangaza kuwa itatanguliza machapisho ya marafiki na familia mbele ya yale ya kurasa za umma, na wanablogu waliokuwa wamejenga kurasa zenye maelfu ya wafuasi waliona wasomaji wao wakipungua kila wiki, hata pale idadi ya wafuasi ilipoendelea kukua. Instagram kwa miaka mingi haikuruhusu kiungo kinachobofyeka ndani ya maelezo ya picha. Kwa mtumiaji wa kawaida ilitoa nafasi kwenye wasifu tu, na ufinyu huo ndio uliozaa biashara nzima ya kurasa za viungo kama Linktree, iliyoanzishwa Australia mwaka 2016. Agosti 2023 Meta ilizuia kabisa habari za vyombo vya habari kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada, ikijibu sheria iliyoitaka iwalipe wachapishaji. Mtu anaweza kuitetea au kuilaumu sheria ile, lakini jambo lililodhihirika ni kwamba kampuni hiyo iliona ni nafuu zaidi kwake kuishi bila viungo vya habari kuliko kuvilipia.

Kwa upande wa Twitter, mabadiliko yalikuja kwa vishindo zaidi. Elon Musk aliinunua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na kabla ya mwaka kwisha jukwaa hilo likatangaza kupiga marufuku viungo vya Facebook, Instagram, Linktree na Mastodon, mtandao wa kijamii usiomilikiwa na kampuni moja, marufuku iliyofutwa haraka baada ya watumiaji kuja juu. Aprili 2023 machapisho yenye viungo vya Substack, jukwaa la majarida ya barua pepe, yalizuiwa kupendwa na kusambazwa kwa muda. Oktoba mwaka huohuo, likiwa limeshaitwa X, liliondoa vichwa vya habari kwenye viungo, ikabaki picha yenye jina la tovuti tu, na msomaji hakuweza kujua makala inahusu nini. Novemba 2024 Musk mwenyewe aliwashauri watu waandike maelezo yao kwenye chapisho kuu na kiungo wakiweke kwenye jibu linalofuata. Ushauri huo, kwa anayeutafakari, ni ungamo: jukwaa linakubali kwamba chapisho lenye kiungo halipewi nafasi sawa na lisilo nacho.

Meta nayo imekwenda hatua nyingine. Desemba 2025 ilithibitika kuwa inafanya jaribio kwenye Facebook ambapo baadhi ya kurasa na akaunti za kitaaluma zisizolipia huduma yake ya uthibitisho ziliruhusiwa kuweka viungo viwili tu kwa mwezi. Majaribio ya namna hii hufa mengi bila kutekelezwa, na huenda hili nalo likafa. Ila fikra iliyo nyuma yake haijifichi: kiungo cha kwenda nje, kitu ambacho mtandao wenyewe umejengwa juu yake, kinaweza kugeuzwa kuwa bidhaa ya kulipia kila mwezi.

Hapa kwetu tatizo lina sura yake, na nadhani wachambuzi wa nje hawaioni. Msomaji wa Tanzania au Kenya hununua intaneti kwa vifurushi, na miongoni mwa vifurushi vinavyopendwa kwa sababu ya bei ni vile vya mitandao ya kijamii peke yake. Mwenye bando la WhatsApp anaweza kupokea ujumbe, picha na sauti siku nzima. Lakini akibofya kiungo cha blogu, kivinjari kinafunguka, data inatozwa kwenye salio la kawaida, na kama salio halipo ukurasa haufunguki kabisa. Si jambo jipya. Mradi wa Internet.org wa Facebook ulipofika Tanzania Oktoba 2014 na Kenya mwezi uliofuata, uliwapa watu huduma chache bila malipo na kuwaacha wengi wakiamini kuwa hizo ndizo intaneti, na kampuni za simu zimeendelea kuuza mgawanyiko huohuo kwa majina mapya. Algoriti ya Facebook inakificha kiungo. Bando linakifunga hata kikionekana.

Matokeo yake yanaonekana katika kundi lolote la WhatsApp lenye watu mia mbili, liwe la wanakijiji walioko mjini, la waliosoma pamoja au la jumuiya ya msikiti. Mmoja anaweka kiungo cha makala. Kinakaa dakika kadhaa bila jibu. Kisha anatokea mtu akiandika, ndugu, tuwekee habari yote hapa, wengine hatuna bando la kufungulia linki. Muungwana fulani anakwenda kunakili makala nzima, anaibandika kwenye kundi, na ili isiwe ndefu mno anakata kichwa, jina la mwandishi na anwani ya blogu. Baada ya saa moja imeshafika kwenye makundi mengine kumi ikiwa na maneno yale maarufu, imetumwa kama ilivyopokelewa. Makala imesomwa na watu wengi kuliko ilivyopata kusomwa kwenye blogu yenyewe, na mwandishi hajui. Takwimu zake zinamwonyesha wasomaji kumi na wanane.

Ningependa kuliona hilo kuwa wizi, na wanablogu wengi huliita hivyo, lakini nikilipima kwa haki nakuta ndani yake roho ileile ya Delicious: mtu ameona kitu, amekithamini, amewapa wenzake. Tofauti ni kwamba Delicious ilibakiza njia ya kurudi kwa mwandishi na WhatsApp haibakizi. Kwa hiyo dawa yake ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kimaadili. Mwanablogu anayejua kwamba makala yake itanakiliwa anaweza kuliweka jina lake na anwani fupi ya blogu ndani ya aya, katikati ya maneno, mahali ambapo mkataji hatapaona kwa haraka. Anaweza kuandaa mwenyewe muhtasari wa maneno mia mbili wa kutumwa kwenye makundi, ukiwa kamili kiasi cha kumfaa asiye na bando, na wenye sababu ya kumvuta aliye nalo. Anaweza pia kuupunguza uzito wa ukurasa wake, jambo ambalo wengi hawalifikirii: blogu yenye picha kumi zilizopakiwa kwa ukubwa uleule uliotoka kwenye kamera, pamoja na matangazo yanayojifungua yenyewe, inamla msomaji salio kabla hajafika aya ya pili, na msomaji huyo harudi.

Mwaka 2023 WhatsApp ilileta Chaneli, zilizoanza kupatikana katika nchi nyingi mwezi Septemba, na wanablogu wengi wa Kiswahili wamezikimbilia. Nazitazama kwa matumaini yenye mipaka. Zinamfikia msomaji pale alipo, ndani ya bando alilolinunua, na hazimlazimishi mwandishi kushindana na video za kucheza. Lakini mwenye chaneli hapati namba za simu za wafuasi wake wala njia nyingine ya kuwafuata iwapo chaneli itafungwa, na kwa hali hiyo anabaki mpangaji kama alivyokuwa mpangaji kwenye Facebook, kodi yake ikipandishwa siku mwenye nyumba atakapoamua.

Suala la kufungwa si la nadharia katika ukanda huu. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 kila mwaka, viwango ambavyo mwandishi wa mashairi au wa mapishi hakuwa na namna ya kuvirudisha. JamiiForums yenyewe, jukwaa kubwa la mijadala, ilizima huduma kwa muda Juni mwaka huo, na blogu nyingi ndogo zilinyamaza zisirudi tena. Ada zilipunguzwa kwa nusu mwaka 2021, lakini waliokwisha kuhamia Instagram na YouTube hawakuwa na sababu ya kurudi. Mei 2025 X ilizuiwa nchini humo, Septemba JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90, na Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikakatwa nchi nzima. Mwandishi aliyekuwa amewaweka wasomaji wake wote kwenye jukwaa moja aliwapoteza kwa uamuzi ambao hakushirikishwa, na kwake haikuwa na tofauti kubwa kama uamuzi umetoka California au Dodoma.

Reddit, tofauti na tovuti nyingi kongwe za kupigia kura viungo, ilikua badala ya kufa, na inastahili maneno machache. Mwaka 2023 iliweka ada kwa programu za nje zilizotumia data yake, na Apollo, programu iliyopendwa sana ya kuisomea, ikafungwa tarehe 30 Juni. Februari 2024 ikaripotiwa kuwa imeingia mkataba na Google wa takribani dola milioni 60 kwa mwaka ili maandishi ya watumiaji wake yatumike kuifundisha akili mnemba, na mwezi uliofuata ikauza hisa zake kwa umma New York. Yaani kazi ile ya kuchagua, kupanga na kujadili viungo, iliyofanywa bure na mamilioni ya watu, hatimaye imepatiwa bei, isipokuwa haikulipwa kwa walioifanya. Mwanablogu ana sababu ya kulitazama hilo kwa makini. Tangu Mei 2024, Google ilipoanza nchini Marekani kuweka majibu yaliyotungwa na akili mnemba juu ya matokeo ya utafutaji, swali ambalo zamani lilimleta msomaji kwenye blogu hujibiwa palepale kwa maneno yaliyochambuliwa kutoka kwenye blogu hizohizo. Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti, ilianza Julai 2025 kuzizuia roboti za akili mnemba kwenye tovuti mpya zinazojiunga nayo, mpaka mwenye tovuti aziruhusu; ni ulinzi wa maana, ingawa kwa anayeandika Kiswahili, lugha ambayo maandishi yake mtandaoni ni machache, kujizuia kabisa kuna gharama yake, kwa sababu mashine zitaendelea kukiandika Kiswahili, na zitakiandika vibaya zaidi.

Upo upande wenye nuru, nao haumo kwenye kampuni kubwa. ActivityPub, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano kati ya tovuti) iliyoidhinishwa Januari 2018 na W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, na inayoendesha Mastodon, inaiwezesha blogu yenyewe kuwa akaunti inayofuatwa. Mwaka 2023 Automattic, kampuni iliyo nyuma ya WordPress.com, iliichukua programu-jalizi inayoiunganisha WordPress na mfumo huo, na Ghost, programu nyingine ya kuendeshea blogu, imeingiza uwezo kama huo kwenye toleo lake la 6 la mwaka 2025. Maana yake ni kwamba makala ikichapishwa kwenye blogu inafika moja kwa moja kwa wafuasi walioko Mastodon, majibu yao yanarudi kama maoni chini ya makala, na mwandishi akitaka kuhamia seva nyingine anaweza kuondoka na wafuasi wake. Bluesky, iliyofungua milango kwa wote Februari 2024, inatumia itifaki tofauti, ila haikiadhibu kiungo, na tena mtumiaji anaweza kutengeneza mlisho wake mwenyewe: mlisho wa machapisho ya Kiswahili yenye viungo vya blogu peke yake, kwa mfano, kazi ambayo kijana anayejua kuandika programu kidogo anaimaliza kwa siku chache. Udhaifu wa mifumo hii kwetu ni mmoja na ni mkubwa: wasomaji wa Kiswahili bado hawako huko, na itifaki nzuri bila wasomaji haimlishi mwandishi.

Pinterest, ambayo wachambuzi wa teknolojia huisahau kwa kuwa wanaiona ya mapishi na harusi, kimsingi ni tovuti ya alamisho za pamoja iliyosalimika kwa kutumia picha, na kiungo chake bado kinatoka nje. Mwenye blogu ya mishono ya vitenge, mitindo ya nywele au mapambo ya nyumba atapata huko wasomaji kwa miaka mingi kutokana na picha moja iliyowekewa maelezo mazuri. Anayeandika uchambuzi wa bajeti asipoteze muda wake. Jarida la barua pepe nalo linasifiwa sana Ulaya na Marekani, na ninaafiki kwamba orodha ya anwani ndiyo mali ya pekee ambayo mwandishi anaweza kuihamisha yote bila ruhusa ya mtu. Ila tuseme ukweli: wasomaji wetu wengi walifungua barua pepe ili simu ya Android iwakubali, na tangu siku hiyo hawajaitazama tena. Jarida litawafaa zaidi wanaoandikia wataalamu, wafanyakazi wa ofisini na Waswahili wa ughaibuni.

Kwa wengine waliobaki, ningeanza na kitu cha zamani ambacho hakihitaji kampuni yoyote. Karibu kila blogu ya WordPress au Blogger bado inatoa mlisho wa RSS, muundo unaoziwezesha programu za kusomea kuzipokea makala mpya, hata kama mwenye blogu hajui, na orodha ya milisho mingi huweza kuwekwa kwenye faili moja la OPML, aina ya faili la kuorodhesha milisho. Faili lenye anwani za blogu mia moja za Kiswahili, zikiwa zimepangwa kwa mada na kila moja ikiwa na sentensi ya kueleza inahusu nini, halifiki uzito wa picha moja iliyopigwa kwa simu, na linapita kwenye kundi la WhatsApp kama hati nyingine yoyote. Anayelipokea analiingiza kwenye programu ya bure ya kusomea milisho, kama Feeder ya Android, na tangu hapo makala mpya zinamfikia kwa mfuatano wa tarehe zilipochapishwa, kila moja ikiwa na jina la mwandishi na njia ya kurudi kwenye blogu yake. Programu hizo pia huweza kushusha makala wakati simu ipo kwenye Wi-Fi ya kazini au chuoni, zikasomwa usiku bila bando. Anayeijua blogu nzuri isiyokuwamo anaongeza mstari mmoja na kulituma faili upya. Kinachokosekana ni watu watatu wanne wa kukaa chini, kuzisoma blogu zilizo hai, kuzitupa zilizokufa, na kukubali kuirudia kazi hiyo kila baada ya miezi michache.